Mpangaji Asiye na Macho

Sijawahi kuwa mwoga. Naliweka hili mwanzo kabisa ili mafundi wa gereji yetu pale Sakina wakisoma wajue kwamba bado nakumbuka nani aliruka nje ya kontena letu la ofisi akamwaga chai, na nani alibaki kwenye kiti. Aliyebaki ni mimi. Mimi ndiye mtu wa mapokezi. Napokea simu, nawaambia wateja kwamba gari litakuwa tayari kesho, na kesho yake nawaambia tena. Kwa kazi ya namna hiyo moyo unakomaa wenyewe.

Gemu ilikuja na fundi umeme wa magari. Aliipakua kwa mtandao wa kusuasua, akafika kazini ameikumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba kuku wa wageni. Tukawa tunacheza saa ya chakula cha mchana, tumefunga mlango wa kontena ili giza liingie. Mchezo wenyewe uko hivi. Unaamka ndani ya hosteli kubwa iliyofungwa, na hujui umefikaje. Huoni mwili wako isipokuwa mikono na tochi, kwa sababu unachokiona kwenye kioo cha kompyuta ndicho yule mtu unayemchezesha anachokiona kwa macho yake. Kuna korido ndefu yenye milango pande zote, kuna ngazi, jiko, chumba cha kufulia, na mlango mkubwa wa mbele ambao haufunguki mpaka utafute fyuzi tatu na kuzichomeka kwenye boksi la umeme. Ukisikia hivyo utasema kazi ndogo. Ila humo ndani kuna mwingine. Sisi tulimwita Mpangaji, kwa sababu alionekana kukaa humo siku nyingi kuliko wewe. Ni mrefu, ameinamisha shingo kwa ajili ya dari, na mahali pa macho pana ngozi tupu. Haoni kitu. Anasikia. Na hasikii nyayo zako za kwenye gemu tu, anakusikia wewe mwenyewe uliyekaa kwenye kiti chako Sakina, kupitia maiki ya kompyuta. Ukikohoa, anakuja pale ulipo. Ukisema mama yangu, anakuja mbio. Na ukiizima maiki, gemu inagoma kufunguka.

Katika gereji nzima hakuna aliyewahi kutoka humo akiwa hai. Fundi umeme alikufa kwa kupiga chafya. Fundi wa bodi, mtu wa kunyanyua gia boksi peke yake, alifika kwenye ngazi, akamwona Mpangaji amesimama juu, na hapo ndipo chai ilipomwagika. Mimi niliwahi kufikisha fyuzi mbili. Siku ile nilitembea Sakina yote kifua mbele, nikaapa kwamba ya tatu ni yangu, iwe mvua, iwe jua.

Wakati huohuo nyumbani kwetu Engutoto kulikuwa na jambo jingine, nalo halikuwa mchezo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anakaa peke yake kule juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, tangu babu afariki. Baba ndiye mtoto wake wa kwanza, na usingizi ulikuwa umemkimbia. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia simu na kumwomba aje mjini akae nasi, chumba kipo, kitanda kipo. Kila Jumapili bibi alimjibu kwamba kwake kuna kahawa, kuna ndizi, kuna ng'ombe, na kuna kaburi la mumewe. Baba akasema umri umekwenda. Bibi akasema umri ni wake. Jumapili moja baba akaongeza kwamba siku hizi kuna wezi, na mwanamke peke yake kwenye nyumba lazima ataogopa. Hapo ndipo alipoharibu, maana bibi alikata simu na hakuipokea tena wiki nzima.

Likizo yangu ilipokaribia, baba aliniita sebuleni akasema niende kwa bibi nikamlainishe. Alidai kwamba bibi ananisikiliza mimi kuliko wanawe wote. Jumamosi ya mwisho ya likizo yeye atakuja na pikapu ya rafiki yake, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba siku hiyo mama yake amekubali kupanda. Nilikubali upesi, tena kwa sababu ambazo hazina heshima sana. Kule mlimani kuna utulivu, na fundi umeme alikuwa ameniazima kompyuta.

Nilimkuta bibi anachuma kahawa, kanga imefungwa kiunoni, ukungu wa mwezi wa saba umeshuka mpaka kwenye migomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama juu mpaka chini na kuuliza kama mjini chakula kimekwisha. Kisha akanipa ndoo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa bibi hizo siku mbili hazipo. Tulichuma mpaka mchana, na huko shambani nikaanza kazi niliyotumwa: nikasifu Engutoto, nikasifu hospitali iliyo karibu, nikasifu hata maji ya bomba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimwambie baba yangu kwamba ametuma mtu mzuri kwa neno baya. Nikaona hapa halainiki mtu.

Mchana ule manyunyu yalianza. Bibi akaenda jikoni, ambako ni banda la pembeni, kupika mtori wa ndizi. Mimi nikafunga mapazia ya sebuleni, nikawasha kompyuta, nikaingia hosteli. Nilikuwa natembea vizuri sana. Fyuzi ya kwanza nikaitoa chumba cha kufulia. Nikaanza kupanda ngazi, nikageuza tochi, na uso ule usio na macho ulikuwa umenisogelea kiasi cha kunibusu. Nilipiga ukelele ambao nadhani Tengeru sokoni waliusikia. Mlango ukafunguka kwa kishindo, bibi akaingia na panga mkononi, akauliza yuko wapi.

Nikamwonyesha kioo. Alikikaribia na panga lake, akamtazama Mpangaji aliyekuwa ananitafuna, akanitazama mimi, akakaa chini. Sikutegemea maswali aliyouliza. Hakuuliza hicho ni kitu gani. Aliuliza hiyo nyumba ni ya nani. Nikasema sijui, ni hosteli tu. Akauliza mimi nimeingiaje kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua. Nikasema hadithi ndiyo inaanza hivyo. Akauliza yule mrefu ana umri gani, maana kama ni mtu mzima angalau ningemwamkia. Nilicheka mpaka tumbo likauma, bibi naye akaniangalia kwa uso mkavu kabisa, akisubiri jibu.

Siku iliyofuata, kahawa ilipokwisha kumenywa, alikuja mwenyewe, amenawa mikono, akavuta kigoda mbele ya kompyuta. Akasema anataka kujaribu. Mausi ilimshinda, kwa sababu kila alipoisogeza alitazama mkono badala ya kioo. Lakini vile vitufe vya mishale alivielewa mara moja: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Tukagawana. Yeye akawa miguu, mimi nikashika mausi nikawa macho. Tulikaa bega kwa bega, nikamkumbusha kwamba humu ndani mtu haongei, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Tukatoka kwenye chumba cha kuamkia, tukafika mlango wa kwanza wa korido, na bibi akasema kwa sauti ya kanisani, "Hodi."

Mpangaji alikuja mbio. Tulikufa hata kabla sijageuza shingo.

Nikamweleza tena, polepole. Akasema amenielewa tangu mwanzo. Tukaanza upya, tukafika mlango uleule, nikamwona anang'ata midomo, anahangaika, kisha neno likamtoka tena. Tukafa. Mara ya tatu nilimziba mdomo kwa kiganja, akasema hodi ndani ya kiganja changu, na maiki ikaisikia. Nikapandwa na hasira, siwezi kuficha. Nikamuuliza kwa nini hawezi kuingia chumba kimoja cha gemu kimyakimya kama watu wengine. Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi zaidi.

"Mimi si mwizi," alisema. "Tangu nizaliwe sijavuka kizingiti cha mtu bila kupiga hodi, na sitaanzia kwa huyu."

Basi tukawa tunakufa. Tulikufa kwenye mlango wa jiko, tukafa kwenye stoo, tukafa kwa heshima zote mlango baada ya mlango. Na badala ya kuchoka, bibi alizidi kunoga. Asubuhi kwenye kahawa alikuwa ananiuliza ile ngazi ya nyuma inatokea wapi. Akila, alichora korido kwa kidole kwenye unga wa mezani. Jirani yake, mama mmoja mwenye mwili mkubwa anayesaidiana naye kuchuma, alisikia kelele akaja kutazama, akawa haondoki. Alikaa nyuma yetu na kanga mdomoni ili asipumue kwa nguvu. Tulikuwa tumepata fyuzi moja, tena kwa bahati, ndipo yeye akapiga chafya. Bibi alimfukuza nje kabisa, akamwambia arudi akipona mafua. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata Sakina hata siku moja. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, si kwa sababu ya kahawa.

Baba alipiga simu kuniuliza kazi inaendaje. Nikasema inaenda vizuri, nikijua tunaongelea vitu viwili tofauti. Akasema pikapu imepatikana, Jumamosi asubuhi atakuwa hapo, na nihakikishe mama yake amefungasha. Akarudia kwamba kumwacha mzee peke yake na hofu zake ni dhambi. Simu ilikuwa kwenye spika. Nilipogeuka, bibi alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, na alikuwa amesikia kila neno.

Hakugomba. Aliweka ndoo chini, akakaa, akaniambia kwamba kabla mwanawe hajafika anataka awe ametoka humo ndani. Alisema hivyo akinyooshea kidole kompyuta. Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Wanawe wote walikuwa wanamwambia anaogopa, na huyu mwanamke alitaka kuonyesha kwa ushahidi kwamba haogopi. Nikaacha kabisa ujumbe niliotumwa. Kuanzia hapo nilikuwa upande wa bibi kwa damu na kwa nia: atatoka kwenye ile hosteli, baba atapata habari zake, na atabaki kwake na kahawa yake.

Ila kulikuwa bado na hodi. Na hodi ndiyo iliyotufungulia njia, kwa kosa. Ilikuwa Alhamisi. Bibi alipiga hodi yake kwenye chumba cha kufulia, tukaingia, na kwa kuwa alichelewa kubonyeza, tukajikuta tumenasa kwenye kona nyuma ya kabati, hatuwezi kwenda mbele wala nyuma. Mimi siku zote hapo nakimbia. Safari hii hatukuweza. Mpangaji akaja kwa nyayo zake nzito, akafika mlangoni, akasimama. Hakuingia. Alisimama palepale ambapo hodi ilisemwa, shingo imeinama, kimya. Tukakaa. Naye akakaa. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo, na hata mafundi hawajawahi, kwa sababu sisi sote huwa tunakimbia, na ukikimbia anakusikia. Alisimama muda wa mtu kumenya ndizi mkungu mzima, kisha akageuka taratibu akaenda zake.

Bibi alinisogelea sikioni, baada ya mimi kusimamisha gemu, akanong'ona kwamba Mpangaji anasubiri kuambiwa karibu.

Nilimshika mabega nikamtikisa. Nilimwambia ametupa ufunguo. Kama Mpangaji anakwenda kusimama pale hodi iliposemwa, basi tunaweza kumwita mahali tunapotaka, halafu tukanyata kwenda kwingine. Hosteli ile ina ngazi mbili. Unapiga hodi huku, unazunguka kule. Tangu hapo bibi hakupiga hodi kwa adabu tu, alipiga kwa hila, na mtu mwenye adabu akiamua kuwa na hila, ondoka njiani. Alipiga hodi kwenye stoo, tukapitia nyuma tukachukua fyuzi ya jikoni. Ijumaa tulizipata zote tatu, tukafa mlangoni kwa sababu mimi, mimi mwenyewe wa Sakina, nilicheka kwa furaha. Bibi hakunisemesha mpaka chakula cha usiku.

Jumamosi tuliamka na kuacha kahawa. Bibi alikamua ng'ombe upesi, akaja, akatia komeo mlango wa mbele, akafunga madirisha, akavuta mapazia. Akavaa kitambaa chake cha kanisani kichwani.

Sijui niieleze vipi asubuhi ile. Mikono yetu ilikuwa imeshazoeana; nilikuwa nageuza shingo, na miguu inakwenda kabla sijawaza. Fyuzi ya kwanza tukaipata bila kusikia hata unyayo. Ya pili tulipishana na Mpangaji kwenye ngazi, yeye anashuka sisi tunapanda, karibu kabisa, na bibi akainua vidole kutoka kwenye vitufe kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akapita. Ya tatu ilikuwa kwenye chumba cha mwisho wa korido. Tukaitwaa, tukarudi mpaka chumba cha kufulia, bibi akasema hodi moja tamu, ndefu, ya mtu aliyeleta zawadi, na tukaondoka kwa kunyata huku nyayo nzito zikielekea kule tulikotoka. Tukafika kwenye boksi la umeme kando ya mlango mkubwa. Kila fyuzi inachukua muda kuchomeka, lazima ushikilie kitufe bila kuachia. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia.

"Hodi!" alisema baba nje ya mlango wetu.

Nilimwona Mpangaji akigeuza shingo mwisho wa korido. Maiki ilikuwa imeisikia, na kwa gemu sauti yoyote iliyosikika ni yetu, imetoka pale tuliposimama. Nikamtazama bibi. Naomba msomaji anielewe: kwenye nyumba ile hodi haijawahi kukosa jibu. Hata akiwa anasali, bibi huwa anaitikia kwanza halafu anamalizia amina. Neno karibu lilimpanda kooni, nikaliona likifika kwenye meno. Akashika pindo la kanga akalijaza mdomoni.

"Mama, hodi!" Baba alibisha tena, sasa kwa ngumi. Nyayo za Mpangaji zilikuwa zinakuja, na kidole changu kilikuwa kimeganda kwenye kitufe cha fyuzi ya tatu. Nje baba akamwita mama yake kwa jina alilomwita alipokuwa mtoto, ambalo sijawahi kumsikia akilitumia. Machozi yalikuwa yanamtoka bibi na kanga bado iko mdomoni. Uso usio na macho ukaingia pembeni ya kioo. Fyuzi ikaingia. Taa zikawaka zote kwa mpigo, mlango mkubwa ukafunguka, na bibi akakandamiza mshale wa mbele kwa mikono yote miwili kama anasukuma ng'ombe aliyegoma. Tukatoka. Kulikuwa na majani, kulikuwa na anga, na maandishi yakaja kusema kwamba umeokoka.

Bibi alitoa kanga mdomoni akapiga vigelegele. Mimi niliruka juu ya kochi. Na hapohapo komeo la mlango likang'oka, baba akaingia bega mbele na kipande cha mti mkononi, akatukuta mama yake amenishika mikono tunazunguka sebule.

Ilichukua muda kuelewana. Baba alikaa kwenye kiti cha karibu. Alisema amepiga hodi, hakujibiwa. Ameona mlango umefungwa na mapazia yamefungwa asubuhi kweupe, na ng'ombe amekwisha kukamuliwa. Alidhani, akasema, kisha hakumalizia alichodhani. Halafu akanigeukia mimi. Alisema nilitumwa kumlainisha bibi, nikaja kumfundisha kujifungia ndani na mashetani.

Siku nyingine ningenyamaza, yule ni baba yangu. Lakini damu ilikuwa bado inachemka. Nikasimama mbele yake nikamweleza yote kwa pumzi moja: kwamba gereji nzima ya wanaume imeshindwa, kwamba mama yake amepishana na yule kiumbe kwenye ngazi bila kutikisika, kwamba amemsikia mwanawe mwenyewe analia mlangoni na hakufungua mdomo. Mtu wa namna hii ndiye mnayemwita mwoga? Nikasema wamwache kwake. Nikasema mimi sitamfungashia hata kijiko.

Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akamgeukia mama yake, akafuta uso kwa kiganja.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sitakuita mwoga tena. Kama unataka kubaki, baki."

Nilitaka kupiga vigelegele vyangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshinda mara mbili kwa asubuhi moja, na tayari nilikuwa nawaza nitakavyosimulia Sakina. Bibi alikuwa amerudi kwenye kigoda chake. Kwenye kioo gemu ilikuwa imejirudia yenyewe mwanzo, inaonyesha korido tupu, na kule mwisho Mpangaji amesimama.

"Nani kasema nataka kubaki?" aliuliza.

Tukamgeukia wote wawili.

"Mlisema naogopa. Ningekuja kwenu nikiwa nimeitwa mwoga? Sasa umeniuliza vizuri, nakujibu." Akamwonyesha Mpangaji kwa kidole. "Huyu mnamkimbia bure. Nimemtazama siku zote hizi. Hawindi. Ametega sikio, asikie kama kuna mtu. Na mimi tangu tumlaze baba yako pale migombani nashinda hivyohivyo. Jani likianguka nasimama katikati ya nyumba, nadhani ni mtu anakuja."

Baba aliinamisha kichwa. Wiki zote mbili nilikaa na mwanamke huyu bega kwa bega, mkono kwa mkono, nikidhani tunamkimbia kitu kimoja. Nililia, na sikujali baba ananiona.

Bibi akasema kilio hakina kazi kama gari la watu linasubiri. Jirani amekwisha kukubali tangu juzi kutunza ng'ombe, na kahawa bibi mwenyewe atakuwa anakuja kuiangalia kila wiki. Akaniambia niende chumbani nikamletee begi lake, liko chini ya kitanda, limeshafungwa.